Hamza wa Salenda: ni ugaidi, kisasi, au faili halijafungwa?

Jumatano mchana, tarehe 25 Agosti 2021, jamaa ambaye nchi nzima ikaja kumjua kwa jina moja tu, Hamza, aliwaua polisi wawili kwa bastola maeneo ya Salenda jijini Dar, akachukua bunduki zao za SMG, akaanza kutembea barabara ya Ali Hassan Mwinyi kuelekea ubalozi wa Ufaransa huku anafyatua. Mpaka anadunguliwa pale kwenye kibanda cha walinzi getini kwa ubalozi, polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi walikuwa wameshauawa na watu sita wamejeruhiwa. Wakati huohuo Rais Samia alikuwa sehemu nyingine ya jiji anaongea na maofisa wa polisi, yani kama unaandika sinema usingepanga hivyo, ungeambiwa umezidisha.

Tarehe 2 Septemba DCI (mkurugenzi wa upelelezi wa makosa ya jinai) wa wakati ule, Camillus Wambura, akatoka mbele ya waandishi akasema uchunguzi umekamilika na Hamza alikuwa gaidi, mtu wa kujitoa mhanga, alikuwa anajifunza mambo hayo mitandaoni na ana mawasiliano na watu walioko kwenye nchi zenye misimamo mikali. Hiyo ndo kauli rasmi mpaka leo. Ila ukikaa popote Dar ukalitaja hilo jina utasikia stori nyingine kabisa, na watu wanabishana kwa nguvu, na ukisikiliza vizuri unagundua kila mmoja ana kipimo chake cha ugaidi. Mmoja anasema kaua polisi na SMG mchana kweupe, utamwitaje? Mwingine anasema gaidi gani anawaacha raia wanapita. Wa tatu yeye kwake gaidi ni mtu wa dini fulani tu, huyo hata tusimjadili.

Nimeichagua hii kesi kwa sababu ni ngumu. Tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani za Nairobi na Dar zilipopigwa mabomu, hakuna mtu anabishana nayo, lakini tuanze na hiyo kidogo, manake kesi nyepesi ndo inakuonyesha kitu chenyewe kilivyo.

Asubuhi ile Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Dar walikufa 11 na hakukuwa na Mmarekani hata mmoja. Pale barabara ya Laibon gari la bomu lilikwama nyuma ya boza la maji lililokuwa linatoka ubalozini na hilo boza likabeba sehemu kubwa ya mlipuko, vinginevyo hesabu ya Dar ingekuwa nyingine kabisa. Sasa angalia hizo namba. Waliopanga walikuwa wanagombana na Marekani, miezi michache kabla, Februari 1998, Osama bin Laden na wenzake walishatoa tamko lao wazi kwamba Wamarekani wauawe popote, wakidai majeshi ya Marekani yatoke Uarabuni. Waliokufa ni makarani, madereva, watu waliokuwa kwenye basi Nairobi wanasubiri foleni isogee, walinzi na mafundi Dar. Hawa watu hawakuwa na chochote cha kumpa wala kumnyima bin Laden. Anayeuawa siye anayeambiwa. Mwili wa karani wa Nairobi umetumika kupeleka ujumbe Washington, na hapo ndo kiini cha jambo kilipo kwa jinsi mimi ninavyoelewa: kuna muuaji, kuna aliyeuawa, na kuna mtu wa tatu anayetazama ambaye ndo hasa mlengwa, anatakiwa aogope, abadilishe sera, aondoe jeshi, au wananchi wamgeuke.

Ujambazi hauna huyo mtu wa tatu. Jambazi anataka hela, akipata anaondoka, na angefurahi sana kama hakuna mtu aliyemuona. Muuaji wa wivu wa mapenzi anamtaka yule aliyemuua, basi, kitu kimeisha pale chumbani. Mauaji ya kimbari kama ya Rwanda 1994 nayo ni kitu kingine, kule lengo lilikuwa kuwamaliza kabisa wale wenyewe, hofu ilikuwepo ya kutosha ila haikuwa ndo shabaha. Na vita jeshi kwa jeshi ina sheria zake, mbaya au nzuri.

Na sio idadi ya maiti. Las Vegas tarehe 1 Oktoba 2017 mtu mmoja alikaa dirishani hotelini akamimina risasi kwenye tamasha la muziki, akaua watu 58 (baadaye wakahesabiwa 60), akajiua. FBI, wapelelezi wa Marekani, wakachunguza zaidi ya mwaka, ripoti yao ikatoka 2019 na kusema hawakuona sababu moja ya wazi iliyomsukuma. Hawakuita ugaidi. Watu wengi waliona huo ni upendeleo kwa sababu jamaa ni mzungu, na upendeleo wa namna hiyo upo kweli, sikatai, lakini kwa kipimo chenyewe walikuwa sahihi: maiti zimejaa, ujumbe haupo.

Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inaenda njia hiyohiyo. Inaorodhesha vitendo, kushambulia maisha ya mtu, kuteka, kulipua na kadhalika, halafu inadai kitendo kiwe kimekusudiwa, au mtu mwenye akili zake aweze kuona kimekusudiwa, kutisha umma vibaya, au kulazimisha serikali ifanye au iache jambo, au kuvuruga misingi ya nchi kisiasa, kikatiba, kiuchumi, kijamii. Neno zito ni kukusudia. Kuua polisi ni mauaji tayari, adhabu ya kunyongwa ipo kwenye kanuni ya adhabu siku zote. Ili uite ugaidi lazima uonyeshe kitu cha ziada kilichokuwa kichwani kwa mtu.

Turudi Salenda.

Klipu tulizoziona zilipigwa na watu waliokuwa ghorofani na wengine ndani ya magari. Jamaa anaonekana pale getini anaenda na kurudi, bunduki mkononi, hakimbii, hajifichi, hana haraka ya mtu anayetafuta pa kutokea. Hiyo peke yake inakwambia hakupanga kurudi nyumbani, na ndo maana neno kujitoa mhanga lilikuja haraka. Lakini mtu kutaka kufa na mtu kuwa gaidi ni vitu viwili, wapo wengi wanaoua halafu wanasubiri kuuawa bila kuwa na ajenda ya mtu yeyote. Mashuhuda waliohojiwa siku ile walisema raia hakuwa na shida nao, alikuwa anawataka polisi. Hili jambo watu walilishikilia sana na nadhani walilishikilia vibaya. Kuchagua polisi tu hakukuondoi kwenye ugaidi. Vikundi vingi vya kigaidi vinaanza na polisi kwa makusudi, manake polisi ndo sura ya serikali mtaani, ukimuua polisi mchana na watu wakaona, umewaambia wote kwamba hao wanaowalinda hawawezi hata kujilinda wenyewe. Kwahiyo hoja ya "mbona raia aliwaacha" haitoshi. Na kuna yule mlinzi wa kampuni binafsi, huyo hakuwa polisi, watu wanamsahau kila wanapoisimulia hii stori.

Ubalozi nao. Je alikuwa anaenda pale au alifika tu pale? Kutoka Salenda ukifuata ile barabara unapita ubalozi utake usitake. Kama shabaha ilikuwa Ufaransa, basi picha inabadilika kabisa, ila kwa mtu aliyekuwa tayari na bastola na risasi, angeanza huko getini wakati hakuna anayemtarajia, asingeanza na polisi wa barabarani halafu atembee akiwa ameshaamsha mji mzima. Labda alihitaji zile bunduki kwanza. Inawezekana. Mimi naona ubalozi ulitokea kuwa ndo mahali ambapo risasi zilimkuta, lakini sigombani na anayeona tofauti.

Upande wa polisi hoja yao ina uzito na nisingependa kuichekea kama wengi walivyofanya. Mtindo wa mtu mmoja aliyejifunza kwenye simu, hana kambi, hana kamanda, anaamka siku moja anatoka, huo mtindo upo duniani na tangu ISIS waanze kuhamasisha watu kufanya hivyo walikofikia ndo umeongezeka. Pia wakati wenyewe, Agosti 2021 ndo wanajeshi wetu walikuwa wanaingia Cabo Delgado kule Msumbiji kupigana na waasi wa huko, pamoja na kikosi cha SADC, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kule Mtwara kilishavamiwa na watu waliovuka mto Ruvuma, ISIS wakadai ni wao. Mpelelezi yeyote angeanzia huko. Ila kuanzia huko ni kitu kimoja na kuishia huko ni kingine. Tulichoambiwa ni alikuwa anaangalia nini na anawasiliana na watu wa wapi. Hatukuambiwa alitaka nini kitokee. Hakuna barua iliyoonyeshwa, hakuna video aliyoiacha, hakuna kundi lililosimama likasema ni mtu wetu, na hawa jamaa wa ISIS kwa kawaida hawana aibu kudai hata vitu visivyo vyao. Yule aliyefanya shambulio la Christchurch kule New Zealand 2019 alitupa andiko lake mtandaoni kabla hajaanza, Breivik, yule muuaji wa Norway 2011, vilevile, kurasa mamia na mamia. Hawa watu wanataka kueleweka, ndo biashara yenyewe ilivyo. Gaidi ambaye hasemi anataka nini ni kama mtu aliyepiga simu akakata kabla hujasema halo, umeshtuka sawa, lakini umeambiwa nini?

Stori ya mtaani ni kwamba alidhulumiwa, dhahabu, polisi, hela nyingi, akaamua liwalo na liwe. Ilisambaa siku ileile, kabla hata maiti hazijafika hospitali nadhani. Hakuna aliyeleta ushahidi wa maana na mimi siiungi mkono, ila angalia kwa nini ilikubalika haraka hivyo: inaeleza kwa nini polisi tu, inaeleza kwa nini hakukimbia, na inaeleza ukimya. Mtu wa kisasi hahitaji kuandika barua, aliyemkusudia anajijua. Tatizo lake ni kwamba polisi wale wa barabarani hakuna anayedai ndo waliomdhulumu. Alimuua nani kwa kosa la nani? Ukianza kuua polisi yeyote kwa sababu ya polisi fulani, hapo kisasi kimeshaanza kufanana na kile kingine, kwa sababu sasa unaua sare. Hapa ndo mahali ninapoona mpaka wenyewe ni mwembamba sana na watu wa pande zote mbili wanaupita wakikimbia.

Sasa linganisha na polisi wengine waliouawa. Julai 2015 kituo cha Stakishari kule Ukonga kilivamiwa usiku, watu saba wakauawa, wanne polisi, bunduki zikachukuliwa. Agosti 2016 Mbande, askari wanne wakauawa nje ya benki. Ukihesabu tu, hayo ni makubwa kuliko Salenda au sawa nayo, na kauli za kwanza zote zilikuwa ni majambazi. Halafu Kibiti. Wakuu, Kibiti ndo inayonisumbua mimi kuliko Hamza.

Kuanzia karibu 2015 mpaka 2017, wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu walikuwa wanauawa mmoja mmoja, usiku, wanagongewa au wanafuatwa njiani na pikipiki. Wenyeviti wa vitongoji, watendaji wa vijiji, viongozi wa CCM, wagambo. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane wakauawa kwa mpigo ndani ya gari lao wakitoka doria. Wauaji hawakuiba mifugo, hawakuvunja maduka. Ukiitazama orodha ya waliokufa tu, bila barua yoyote, unausoma ujumbe: ukikubali kuwa mtu wa serikali kwenye hiki kijiji utakufa. Na ulifika. Viongozi walihama, wengine wakaacha nafasi, bodaboda zikapigwa marufuku usiku, watu wa huko wakawa wanaongea kwa kunong'ona hata kwa ndugu zao. Hapo mtu wa tatu yupo wazi kabisa, ni kila mwanakijiji aliyekuwa anafikiria kugombea uenyekiti. Kwa kipimo nilichoeleza juu, Kibiti ni ugaidi hata kama hakuna aliyejitangaza, kwa sababu uchaguzi wa wanaouawa ulikuwa unaongea wenyewe wiki baada ya wiki. Lakini neno lililotumika sana na wakubwa kipindi kile lilikuwa wahalifu, wauaji, mtandao wa uhalifu. Nadhani hakuna aliyetaka kutangaza kwamba kuna ugaidi kilometa mia na kitu kutoka Dar, watalii na wawekezaji wangesikia. Na mwandishi aliyekuwa anaandika habari za huko, Azory Gwanda, alitoweka Novemba 2017 mpaka leo.

Kwahiyo tulikuwa na kisa cha miaka kinachofanana na ugaidi kila kona kikaitwa uhalifu, alafu tukapata kisa cha dakika chache ambacho lengo lake halijulikani kikaitwa ugaidi ndani ya siku nane. Ndo maana kauli ya DCI haikuwaingia watu wengi.

Na sio hiyo tu. Julai 2021, mwezi mmoja kabla ya Salenda, Freeman Mbowe alikamatwa Mwanza usiku wa kuamkia kongamano la katiba mpya, akashtakiwa kwa ugaidi, kula njama na kufadhili. Wakati Hamza anatangazwa gaidi, mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani yuko mahabusu kwa kesi ya neno hilohilo. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, mashahidi wakahojiwa siku nyingi, watu walikuwa wanafuatilia maswali ya mawakili kama mechi, Februari 2022 jaji akasema ana kesi ya kujibu, na tarehe 4 Machi 2022 DPP (mkurugenzi wa mashtaka) akaifuta. Sasa mwananchi wa kawaida ambaye hana muda wa kusoma vifungu, kwenye miezi hiyohiyo ameambiwa huyu mwanasiasa ni gaidi na huyu wa Salenda ni gaidi. Akiacha kuamini la kwanza atashindwaje kutilia shaka la pili? Gharama ya kulitumia hilo neno ovyo ni hiyo, siku likihitajika kweli halina nguvu.

Tena sisi Watanzania tulitakiwa tulijue hili mapema, manake tulilelea watu walioitwa hivyo. Kamati ya Ukombozi ya OAU (umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule) ilikaa Dar, FRELIMO walianzia hapa, ANC walikuwa Mazimbu Morogoro, na kule Pretoria wote hao waliitwa magaidi. Mandela jina lake lilikaa kwenye orodha ya Marekani mpaka 2008, ameshakuwa rais na kustaafu. Ndo maana OAU ilipopitisha mkataba wake wa kupambana na ugaidi Algiers 1999, waliweka kabisa kwamba mapambano ya ukombozi hayahesabiwi, na ndo ugomvi huohuo umekwamisha Umoja wa Mataifa kupata maana moja ya ugaidi mpaka leo. Mimi siendi mbali hivyo lakini, sidhani sababu nzuri inasafisha kila kitendo. Ukilipua baa iliyojaa watu wanaokunywa bia zao, umelipua baa, hata kama unachokipigania ni haki. Mapigano na jeshi la mkoloni msituni ni kitu kingine. Kinachoangaliwa ni nani ulimpiga na kwa nini huyo, sio bendera uliyoshika.

Na serikali? Wiki mbili baada ya mabomu ya 1998, Agosti 20, Marekani ilirusha makombora kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa Khartoum na kambi kule Afghanistan. Kiwanda kile mpaka leo madai ya kwamba kilikuwa kinatengeneza sumu hayakuwahi kukaa sawa. Unaweza kukiita kosa, uchokozi, hata uhalifu, na watu wa Sudan wana haki ya kukiita wanavyotaka, ila mimi neno ugaidi nisingelitumia hapo, sio kwa sababu serikali haziwezi kutisha raia, zinaweza na zinafanya, ni kwa sababu shabaha ya pale ilikuwa jengo lenyewe walilodai lina sumu, sio kutia hofu wapita njia. Najua wapo watakaonirukia hapa, twende tu.

Hukumu yangu kwa Salenda basi. Mauaji, hilo halina mjadala, na ya kupanga. Shambulio dhidi ya dola kwa maana ya kwamba alikuwa anaua sare, naona hivyo pia. Ugaidi, kwa yale yaliyowekwa mezani, bado. Kilichowekwa mezani ni tabia zake za mtandaoni na watu aliowasiliana nao, na hivyo vinaonyesha alikuwa anasikiliza nini, havionyeshi alikuwa anamwambia nani nini. Marehemu hashtakiwi, kwahiyo hakuna wakili aliyewahi kuuliza polisi hizo simu zilikuwa na nini, meseji ipi ya tarehe ngapi, kwenda kwa nani, ilisema maneno gani. Kwenye kesi ya Mbowe angalau maswali yaliulizwa mbele ya jaji na kila mtu akasikia majibu. Hapa tumepewa jibu bila maswali. Wakitoa hayo mawasiliano, hata sehemu tu, na yakaonyesha alikuwa na dai, jeshi litoke Msumbiji au chochote kile, nitabadilisha na nitaandika gaidi bila kupepesa. Mpaka hapo faili lake kwangu linakaa pamoja na Stakishari na Mbande, na lile la Kibiti ndo lingestahili kuhamishwa rafu.